Kilo Ishirini za Kwenda Ng'ambo

Tiketi ya Pindo ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, na haikuficha hali yake: ndege mbili, kusubiri saa kumi na moja katikati, hakuna chakula, hakuna kubadili tarehe, begi moja, kilo ishirini. Kila kilo inayozidi inalipiwa. Pindo alipoisoma bei ya hiyo kilo moja alidhani aliyeandika kaongeza sifuri kwa bahati mbaya. Hakuwa ameongeza.

Ndiyo maana siku moja kabla ya safari, alasiri, nusu ya mtaa ilikuwa dukani kwa shangazi yake kutazama begi likipimwa. Hakuna aliyewaita. Begi la mtu anayekwenda ng'ambo halihitaji kadi ya mwaliko.

Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yake, aliuza unga, sukari, mchele na maharage, vyote kwa kilo. Mizani yake ilining'inia kwenye boriti katikati ya duka, ndoano chini, uso wa mviringo juu kama saa ya ukutani. Miaka kumi na minne haikuwa imesogezwa, na Shangazi aliizungumzia kama watu wanavyomzungumzia mume mtulivu.

"Tundika," akaamuru.

Likatundikwa. Mshale ukatimua mbio, ukatetemeka, ukatulia.

"Thelathini na mbili," akasoma Mwalimu. Huyu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na tangu hapo alizunguka mtaani akitafuta kitu cha kutoa na kujumlisha. Chaki alitembea nayo mfukoni. Akaandika 32 kwenye mlango wa duka, kwa mwandiko wa ubaoni.

"Kumi na mbili za ziada," akasema Mama Mikate. Alikuwa mwokaji, mwenye tanuri nyuma ya nyumba, gari dogo la kusambazia mikate, na sauti iliyozoea kushindana na ngurumo ya hilo gari. "Toeni kitu."

Kitu chenyewe kila mtu alikijua. Mama yake Pindo akafungua zipu, akazamisha mikono yote miwili, akaibuka na kichwa cha cherehani kilichoviringishwa shuka kama mtoto mchanga. Wakakitundika peke yake: kumi na mbili. Begi likarudi kwenye ndoano: ishirini, juu ya mstari kabisa.

"Ningeambiwa nipange mwenyewe nisingepanga vizuri hivi," akasema Mwalimu, uso umemkunjuka kwa raha.

"Basi imekwisha," mama akasema. "Cherehani inabaki."

Pindo alikuwa amekaa juu ya gunia la maharage. Hilo jina alipewa kwa sababu hakuweza kuona upindo umefumuka akanyamaza. Kuna harusi moja alimshonea bwana harusi suruali huku bwana harusi ameivaa na anajibu maswali ya ndoa. Chuo aliacha mwaka wa pili akaenda kushona sare za shule. Mama yake bado aliwaambia watu kwamba amesimamisha masomo kidogo, kwa sauti ile ya mtu aliyeacha maji jikoni yanachemka.

"Mama, cherehani ndiyo safari," akasema. "Hivyo vingine ndiyo mizigo."

Akaeleza tena, kwa mara ya kumi na kitu. Shoga yake aliyejifunza naye kushona alikuwa ametangulia huko, na alimweleza kila kitu waziwazi. Kwenye karakana ya kushona anakofanya kazi wanalipa kwa idadi ya nguo. Mwenye cherehani yake anaondoka na malipo yote. Asiye nayo anakodishiwa ya tajiri, na nusu ya jasho lake inaishia hapo hapo mlangoni. Kununua huko, labda uuze na meno. Pindo akifika mikono mitupu atashona mwaka mzima ale na kulala tu, kisha akumbuke kwamba hata nyumbani alikuwa anakula na kulala, tena bila baridi.

"Baridi ndiyo umeitaja mwenyewe," mama akadaka. "Toa blanketi uweke cherehani, halafu ushone ukiwa umekakamaa kama samaki wa barafu. Mwalimu, blanketi kilo ngapi?"

"Tano. Nguo saba. Viatu, sufuria, pasi na begi lenyewe, nane." Vyote vilikuwa mlangoni kwa chaki.

"Wifi, sema neno," mama akamgeukia Shangazi.

Shangazi alivuta pumzi ya mtu mwenye haki ya kusema, maana sehemu kubwa ya nauli ilitoka kwake. Wiki tatu kabla aliziweka zile noti mezani, zimefungwa kwa mpira, bado zina vumbi la unga, akasema mtoto wa kaka yake hatakwama. Pindo alilia siku hiyo mpaka akapiga chafya.

"Binti yangu," akasema, "mizani imeshasema. Mimi na wewe ni nani tubishane nayo?"

"Mizani yako wewe," Mama Mikate akaingilia. "Mimi nachukua kwako kilo kumi kila asubuhi, na mikate yangu kila siku inapungua. Hata sijui unga unaenda wapi."

"Tanuri lako linakula, jirani. Nilishakwambia ulizibe ule ufa."

"Nimeziba mara tatu."

"Ziba mara ya nne."

Watu wakacheka, begi likashushwa, cherehani ikawekwa chini ya kitanda cha mama. Kikao kikafungwa.

Asubuhi, mama alipokwenda kuoga, Pindo alifanya kazi ya dakika tisa. Alitoa nguo zote kwenye begi akazivaa: magauni matano moja juu ya jingine, sketi mbili, sweta, na juu ya yote koti alilolishona mwenyewe kwa ajili ya baridi. Akavuta cherehani kutoka uvunguni, akailaza begini pale nguo zilipokuwa, akafunika na blanketi, akavuta zipu huku amelikandamiza begi kwa goti.

Hesabu aliijua. Ishirini kutoa saba za nguo, kujumlisha kumi na mbili za cherehani: ishirini na tano. Zimezidi tano, na blanketi lilikuwa tano. Mpango ulikuwa huu: kule kaunta ya uwanja wa ndege mizani itamsuta, naye hapo hapo atalichomoa blanketi na kumrushia mama ng'ambo ya kamba ya wasindikizaji. Mama hatapiga kelele mbele ya watu wenye sare. Mama aliheshimu sana sare. Lakini cherehani ikitolewa, hata kwa bahati mbaya, hata kwa dakika moja, basi ingerudi nyumbani kwenye gari la mikate, na yeye angepanda ndege akaanze kumshonea tajiri.

"Mbona umevimba?" mama akauliza walipokuwa wanapanda gari.

"Furaha, mama."

Walikuwa watano kwenye gari lile lenye harufu ya mkate wa moto: Mama Mikate kwenye usukani, Shangazi na mama mbele, Pindo na Mwalimu nyuma kati ya trei. Pindo alikuwa anatoka jasho kwenye magauni yote matano kwa zamu. Kila walipopita tuta, cherehani iligonga sufuria ndani ya begi, naye alikohoa kwa nguvu kufunika mlio. Mwalimu akampa kipande cha mkate cha kikohozi.

Uwanja wa ndege wenyewe ulikuwa mdogo: kaunta tatu, foleni moja, na kamba nyekundu ya kuwazuia wasindikizaji hatua tano kutoka kwenye mizani. Wasindikizaji wa Pindo wakajipanga pale kwenye kamba kama watu waliolipia viti vya mbele.

Dada wa kaunta alikuwa kijana, nywele zimebanwa vizuri, sauti ya kipaza bila kipaza.

"Begi juu, tafadhali."

Pindo akalinyanyua. Hapo ndipo magauni matano yalipomfunga mabega. Akaliinua nusu, likarudi, akaliinua tena kwa tumbo. Likatua. Akafumba macho, mkono tayari kwenye zipu.

"Ishirini," akasema dada wa kaunta.

"Ishirini na ngapi?"

"Ishirini."

"Na gramu?"

"Dada, ishirini tupu. Kuna shida?"

Pindo akafungua macho. Tarakimu nyekundu zilikuwa zinamtazama: 20.0. Cherehani imo, blanketi limo, na hakuna senti inayodaiwa. Kicheko kikampanda kutoka kwenye gauni la kwanza mpaka la tano, akacheka mpaka akashika kaunta. Mtu wa nyuma yake kwenye foleni akaanza kucheka pia bila kujua sababu.

"Mmeona?" Shangazi akatangazia ukumbi mzima kutoka kwenye kamba. "Ishirini dukani, ishirini kwa serikali. Hiyo mizani yangu haijawahi kunitia aibu hata siku moja. Jirani, umesikia? Ziba ufa wako."

Mama Mikate akakubali kwa kichwa, kwa uchungu kidogo. Ni kweli, namba ilikuwa ile ile.

Ni hapo kicheko cha Pindo kilipoishiwa petroli. Chuo aliacha, sawa, lakini hakukiacha kwa kushindwa kujumlisha. Ishirini na tano za Shangazi, ishirini za hapa. Maana yake katika kila kilo tano za Shangazi, moja haikuwepo. Haikuwahi kuwepo. Miaka kumi na minne. Akazikumbuka zile noti zenye mpira na vumbi la unga. Katika ukumbi ule wote ni yeye peke yake aliyejua, na alichotakiwa kufanya ni kimoja tu: kunyamaza.

"Ndani ya begi kuna kifaa cha chuma? Mashine yoyote?" dada wa kaunta akauliza, kama alivyomuuliza kila mtu.

Pindo akaishika tena zipu.

"Dada, usiponiambia wakaiona kwa ile mashine ya ukaguzi kule chini, wanaitoa. Inabaki huku."

Akamgeukia Shangazi, aliyekuwa bado anapokea pongezi. Akalitazama begi. Akainama mpaka pua ikagusa kaunta, akanong'ona, "Ipo cherehani."

"Cherehani?" akasema yule dada, na sauti yake ikaenda mpaka kwenye vyoo na kurudi. "Ya chuma? Nzima?"

"Kichwa tu."

"Hamna shida, kichwa kinaruhusiwa. Naandika: cherehani moja."

Kwenye kamba wote wakatazamana kama darasa lililoulizwa swali gumu. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Cherehani gani? Cherehani si iko uvunguni?"

Kisha macho yake yakashuka mpaka chini ya koti, ambako pindo nne za rangi nne zilikuwa zinachungulia moja chini ya nyingine. "Na hilo la bluu si lilikuwa begini?"

Mwalimu alikuwa tayari ametoa chaki. Hakukuwa na ubao, akaandika kwenye kiganja. Midomo ilimcheza. Alifuta, akaandika tena, kwa sababu alikuwa mtu mwenye huruma na alitaka kukosea. Hakukosea.

"Ilitakiwa iwe ishirini na tano," akasema polepole.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza Mama Mikate.

"Ndiyo kwamba kilo kumi ni nane."

Mama Mikate akamwacha Mwalimu na kiganja chake. Aligeuka kidogo kidogo, kama lango zito, mpaka akamfikia Shangazi. Shangazi alikuwa anasoma tangazo la abiria wenye wanyama.

"Mara tatu," akasema Mama Mikate. "Mara tatu nimeziba tanuri zima. Nimemleta fundi. Nimemfukuza msaidizi wangu nikidhani anaiba unga, ndugu wa mume wangu, hatusalimiani mpaka leo."

"Jirani, mizani ni chuma, inachoka kama mtu."

"Inachoka upande wako tu?"

Watu wa foleni walikuwa wameacha kuangalia saa. Mama Mikate akanyanyua kamba, akapita chini yake, na mwili wake haukuwa wa kupita chini ya kamba, akaiburuta pamoja na nguzo mbili mpaka kaunta. Akaweka mkono juu ya begi.

"Shusha," akamwambia dada wa kaunta. "Nauli ya huyu ni unga wangu. Tiketi siwezi kuirudisha, hiyo imeliwa. Lakini cherehani naondoka nayo, imalize deni la bibi huyu."

"Begi linaenda au haliendi?" dada wa kaunta akauliza. "Nina watu hapa."

"Linaenda," akasema Pindo.

"Haliendi," akasema Mama Mikate.

Pindo alimjua Mama Mikate tangu alipokuwa anatumwa mkate na kuumega njiani. Kumwomba msamaha kungekuwa kupoteza muda. Yule mama alikuwa akiombwa msamaha ndiyo kwanza anaanza kuhesabu. Akaondoa mkono kwenye zipu, akauweka juu ya ule wa Mama Mikate.

"Chukua," akasema. "Ni haki yako. Ila nikuulize kitu kimoja. Aliyenipeleka ng'ambo ni nani?"

"Si huyo mwizi wa shangazi yako."

"Siye. Ni wewe. Umenipeleka kilo mbili mbili kila asubuhi, hata hukujua. Mtaa mzima nani mwingine amepeleka mtu ng'ambo? Sasa ukiishusha hii, umemlipia nauli mtu aende akamfanyie kazi tajiri asiyemjua. Ukiiacha iende, una mtu wako huko. Mwenye cherehani yake."

Mama Mikate akanyamaza. Wale wanaomfahamu wanajua hilo halikuwa jambo dogo.

"Nina mtu ng'ambo," akasema, taratibu, kama anayejaribu kofia mbele ya kioo. Akajaribu tena, kwa sauti ya kumwambia mteja. "Mimi huyu mtu wangu yuko ng'ambo." Ikamkaa vizuri. "Na binti yangu wa pili, yule anayemaliza shule mwakani?"

"Atafikia kwangu."

"Alale?"

"Alale."

"Mwezi?"

"Mpaka apate kazi."

"Mbele ya Mwalimu umesema."

"Mbele ya Mwalimu."

Mkono ukatoka. Dada wa kaunta, ambaye hakusubiri mtu abadili mawazo, akabonyeza, na begi likaondoka kwenye mkanda, likaingia kwenye mapazia ya plastiki huku sufuria ikigonga cherehani waziwazi, bila aibu. Pindo akaruka. Aliruka mara moja tu, kwa sababu ya uzito wa magauni, lakini aliruka.

"Samahani," akasema Mwalimu, aliyekuwa naye sasa amevuka kamba, kwa adabu, kwa kuizunguka. "Mimi nanunua sukari pale kila wiki. Ni kidogo, lakini kwa miaka yote hiyo, nadhani nimelipia angalau mlango wa ndege."

"Unataka nini, Mwalimu?"

"Mpwa wangu. Kijana mtulivu, hakoromi."

"Aje."

"Na mimi maharage," akasema mzee mmoja wa foleni.

"Wewe umewahi kuja dukani kwetu?" Pindo akamuuliza.

"Hapana. Nilikuwa najaribu tu."

Shangazi alikuwa amebaki upande wake wa kamba, ingawa kamba yenyewe ilishalala sakafuni. Pindo akamwendea. Hakuwa amewahi kumwona mdogo vile.

"Ulijua?" Shangazi akauliza.

"Nimejua pale pale, iliposoma ishirini."

"Na bado ukasema."

"Wangeishusha, Shangazi."

Shangazi akafikiri. "Hata mimi ningesema," akakiri. Akamkumbatia, mikono ikashindwa kukutana nyuma kwa sababu ya magauni na sweta. "Ukifungua duka huko, nunua mizani mpya. Hizi za tarakimu nyekundu zinaonekana hazina huruma." Kisha akasema chini zaidi, bila mzaha, "Mimi nyumbani nitarudi kwa miguu, nadhani."

"Utarudi garini," akasema Mama Mikate nyuma yao. "Nyuma, kwenye trei. Na njiani tunapitia dukani kwako tuishushe hiyo saa ya ukutani unayoiita mizani. Nina nyundo."

Mama akawa wa mwisho. Alimtazama Pindo kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo zile nne, akazipanga moja moja zikae sawa, kama vile hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

"Umenidanganya."

"Ndiyo, mama."

"Uvunguni kwangu mwenyewe."

"Ndiyo."

"Blanketi limo?"

"Limo."

Mama akashusha pumzi ya wiki tatu. "Basi nenda. Nenda kabla sijaanza."

Pindo akaenda. Alipita kwenye ukaguzi akivua na kuvaa mpaka askari wa kike akaita wenzake waje waone, akatokea upande wa pili moyo mwepesi kama karatasi, akaketi kwenye kiti cha chuma karibu na dirisha. Nje ndege ilikuwa inapakiwa. Akaona begi lake likipanda, akalipungia mkono. Kisha akahesabu kwa vidole: binti wa Mama Mikate, mpwa wa Mwalimu, na pale kwenye lango, dakika ya mwisho, mama naye alikuwa amemtaja binamu mmoja. Mtu hajafika bado, hajui hata mlango wa chumba unafunguka ndani au nje, na tayari ana wageni watatu. Hilo lilipaswa kumtisha. Lakini tumbo lake lilikuwa linacheka peke yake, kama sufuria inayochemka chini ya kifuniko.

Akamwandikia shoga yake aliyetangulia: "Chumba chako upana wake kiasi gani?"

Jibu likaja haraka. "Kitanda na pa kuweka mguu. Kwa nini? Unakuja na nani?"

Pindo akafikiria jinsi ya kumweleza. Wakaanza kuita abiria. Akasimama, akaandika huku anatembea:

"Kwa leo, peke yangu."